Profesa na Kinanda cha Sauti Milioni

Mdogo wangu ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu, na nadhani duniani kote, kutengeneza kinanda chenye sauti milioni kikashindwa kutoa hata moja!

Msinicheke mimi. Mimi ni dada yake tu, nasuka nywele. Nilimbeba mgongoni akiwa mdogo, hilo nakubali, ila kichwa hicho alikuja nacho mwenyewe.

Mtaani tunamwita Profesa. Hajawahi kufundisha chuo chochote! Jina alilipata siku aliyotutengenezea kengele ya mlango, ikawa inalia mgeni akiondoka badala ya akifika. Tulipolalamika, alitukalisha sebuleni akatueleza kwa kirefu kwa nini hivyo ndivyo kengele inavyotakiwa kuwa. Ndivyo alivyo. Kitu chake kikikosea, wewe ndiye hujaelewa.

Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Aliandika za maduka, akaandika za zahanati, mambo yakaenda vizuri, watu wakamshukuru. Sasa mtu kama huyo akishukuriwa sana hupata tabu. Siku moja aliamka akatangaza kwamba muziki unahitaji kuokolewa, na kwamba atauokoa yeye. Muziki wenyewe haukuwa umelalamika.

Akajifungia chumbani. Alipotoka, ndevu zimemfika kifuani, alikuwa na hicho kinanda chake. Usifikirie kinanda cha mbao na miguu. Ni programu! Unaiweka ndani ya kompyuta, unaunganisha kwa waya ubao wa vitufe ambao wenyewe hauna sauti, halafu kompyuta ndiyo inayotengeneza mlio. Mlio wowote unaoutaka: zeze, tarumbeta, mvua juu ya bati, mbuzi mwenye mafua.

Na nisimwonee, jamani. Kinaweza! Siku moja alikaa nacho sebuleni, akabofya na kuzungusha mpaka chai yake ikapoa, ghafla ikatoka sauti ya filimbi tamu hadi nikaacha kumenya viazi.

"Hebu rudia hiyo," nikamwambia.

"Hiyo imeshapita, dada. Ngoja nikutafutie iliyo bora zaidi."

Mpaka viazi vinaiva, iliyo bora zaidi haijapatikana, na ile ya kwanza hajui alifikaje huko.

Nikamuuliza swali la kijinga, maana sisi wasusi ndiyo maswali yetu. "Mtu akikiwasha tu, akabonyeza, anasikia nini?"

"Hasikii kitu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hajachagua." Akanitazama kwa huruma. "Vinanda vya madukani vinakuja na sauti za tayari. Hizo ni sauti za makopo, dada! Mwanamuziki wa kweli anajipikia mwenyewe."

"Na akiwa na njaa?"

Alisema sina masikio ya kisasa.

Hata hivyo, ndani ya kinanda hicho mchango wangu upo, na nautaja mapema nisije nikaambiwa nimeuzua. Alinijia saluni na kinasa sauti, mimi nina mteja ambaye nusu ya kichwa imesukwa na nusu nywele zimesimama wima. Anataka sauti ya kumkanya mtu akikosea hatua! Nilikuwa na kitana cha chuma mkononi. Nikakigonga kwenye chupa ya mafuta ya nywele ili aondoke. Ting!

"Hiyo hiyo!" akasema. "Kali kidogo, kama wewe."

Akaondoka bila asante, na mlango akauacha wazi.

Basi akaanza kuwaita wanamuziki waje waone maajabu. Wa kwanza alikuwa Besi, kijana mrefu mpole, mpiga gitaa la besi ambaye vinanda pia anavimudu. Besi akaketi, akanyoosha vidole, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akainama akakagua waya.

Profesa alikuwa amesimama nyuma yake anatabasamu utadhani kimya chenyewe ndicho zawadi. "Bado hujachagua umbo la wimbi la sauti."

Besi akatazama skrini. Ilikuwa imejaa vidude vya kuzungusha, vidogo kama dengu, na kila kimoja kina jina la kutisha. "Mimi nataka sauti ya kinanda tu."

"Kinanda gani?"

"Kinanda kinanda!"

"Fafanua."

Besi wa watu akajitahidi. Akachagua wimbi, akachagua chujio la kusafishia mlio, jasho linamtoka. Kila alipobofya, skrini ilimuuliza kwa herufi kubwa: JE, UNA UHAKIKA?

"Nilikuwa nao nilipoingia," Besi akasema taratibu. Akachukua kofia yake, akaaga kwamba anarudi sasa hivi. Hadi leo yuko njiani anarudi.

Akaja mwalimu wa kwaya. Huyo alitazama, akaguna, akasema, "Inavutia sana," kwa ile sauti mtu anayoitumia akionyeshwa picha ya mtoto asiye mzuri. Baada yake wakaja wengine, wakanywa juisi yetu, wakaisifu juisi.

Nikamwambia mdogo wangu, "Weka sauti hata tatu za tayari, watu waanzie hapo."

"Nishushe kiwango changu kwa sababu ya uvivu wao? Haiwezekani!"

Kumbe hapo katikati ya kuokoa muziki, Profesa alikuwa amepata mchumba. Na mchumba mwenyewe, fundi cherehani mmoja mcheshi, mikono yake dhahabu, alikuwa binti wa nani? Binti wa Mzee Vidole!

Mzee Vidole ni mpiga kinanda. Kila aliyeoa katika mji huu aliingia ukumbini kwa vidole vyake. Ni mtu wa madaha: miwani myeusi hata ndani ya nyumba, viatu vya ncha, na masharubu meusi tii ambayo anayepaka rangi namjua lakini simtaji. Wapiga vinanda wote wanamsikiliza. Akisema kinanda fulani ni kizuri, kesho yake wote wanacho.

Chake yeye kinaitwa Bibi. Bibi ni kinanda cha zamani, kitufe kimoja hakipo, plasta tatu ubavuni. Unamwasha, unamzaba kofi moja hapo kwenye plasta, anaimba. Haulizwi mtu kama ana uhakika.

Siku tulipokwenda kwao kupanga mambo ya harusi, wifi yangu mtarajiwa alikuwa na ombi moja tu. Alipozaliwa, baba yake alimtungia wimbo usio na maneno. Ukumbi wowote baba alikopiga, yeye alilala chini ya kinanda, katikati ya nyaya.

"Maharusi wote wa mji huu nimewaona miguu tu," akasema huku anacheka. "Wakiingia, nilikuwa nasema moyoni, ipo siku baba atanipigia mimi, na nitaingia kwa wimbo wangu. Sitaki kingine. Hata keki msilete."

Sote tukalainika. Mimi machozi yalikuwa yananilenga. Hapo ndipo Profesa akakohoa.

"Baba, utapiga kwa mashine yangu."

Mzee Vidole akavua miwani. "Bibi amekukosea nini?"

"Bibi ana plasta. Tena ana kitufe hakipo."

"Hicho mimi sikitumii!"

Bi harusi akamtazama baba, akamtazama mchumba. Maskini, alitaka wanaume wake wawili wapatane. "Baba, jaribu tu," akasema. "Kwa ajili yangu."

Kwa ajili yake, mzee angejaribu hata kupiga ungo. Akamnyooshea Profesa kidole. "Nitapiga. Ikiimba, wapiga vinanda wote wa mji huu nitawaleta mlangoni kwako. Lakini ikininyamazia mwanangu akiwa mlangoni, usiniite baba tena. Niite bwana fulani!"

Profesa akampa mkono. Alikuwa anang'aa kama sufuria mpya.

Mzee akawa anakuja kwetu kila jioni kujifunza. Lo, yule mzee alihenyeka! Vidole vinavyocheza juu ya kinanda kama panya juu ya dari, ukivipa kipanya cha kompyuta vinakuwa magogo. Anazungusha kidude hiki, kinazunguka cha jirani. Anaipata sauti, anapiga chafya, imetoweka. Profesa pembeni anamhimiza, "Polepole, baba, kimantiki." Neno hilo kimantiki nililichukia tangu siku hizo.

Ila mzee ni mzee. Jioni moja aliipata. Sauti laini, ya kina, yenye kamtetemeko kadogo mwishoni, akaupiga ule wimbo mara moja tu. Binti yake alikuwa sebuleni anapima suti ya Profesa. Aliacha pini mdomoni, akatulia, machozi yakamshuka.

"Hifadhi hiyo! Hifadhi!" nikapiga kelele.

"Hakuna kuhifadhi," Profesa akasema. "Sauti ikihifadhiwa inageuka kopo."

Nilitafuta kitu cha kumrushia, nikakosa. Mzee yeye hakubishana. Aliikariri njia nzima kichwani: juu kulia, cha tatu, robo, chini, ndiyo, ndiyo, kushoto mpaka mwisho. Akawa anaitamka akila, anaitamka akitembea, anaitamka nikimpaka rangi masharubu. Ee, nimeshasema. Basi ni mimi.

Bibi akafungiwa stoo ya saluni yangu, upande wa pili wa mji, nyuma ya mashine za kukaushia nywele. Profesa alisisitiza. Hakutaka kikongwe yule aonekane ukumbini siku ya ushindi wake.

Ikafika siku yenyewe. Asubuhi naenda kumharakisha bwana harusi, namkuta na suti yake, tai yake, kompyuta mapajani.

"Unafanya nini?"

"Naboresha kidogo."

"Leo?!"

"Vile vitufe vya juu kulia kwenye skrini vilikuwa vinakera macho. Nimevipanga upya, sasa vimekaa kimantiki."

"Mzee anajua?"

"Ataviona, dada. Si nimekwambia vimekaa kimantiki?"

Kitana cha chuma kilikuwa kwenye mkoba wangu. Hadi leo najuta kwamba sikukitumia.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Upande mmoja walikaa wanamuziki, maana mzee ni mkubwa wao, wote wamekuja kuona anamwachaje Bibi. Besi naye alikuwepo, gitaa kifuani, yeye na mzee ndio bendi nzima. Ukutani, nyuma kabisa ya bwana harusi, Profesa alikuwa ameweka skrini kubwa ya projekta iliyounganishwa na kompyuta, ili umma ushuhudie maajabu hatua kwa hatua.

"Tusimame!" akasema mshereheshaji. "Bi harusi yupo mlangoni!"

Tukasimama. Mlango ukafunguliwa, wifi yangu huyo, gauni alilojishonea mwenyewe, shangazi yake amemshika mkono. Mzee Vidole akaweka sawa miwani, midomo inacheza: juu kulia, cha tatu...

Juu kulia palikuwa peupe.

Akabofya hapo hapo. Akasogea kando, akabofya. Akabonyeza kitufe cha kinanda. Kimya! Ukutani, kwa herufi kama za bango la uchaguzi, pakatokea: HUJACHAGUA WIMBI.

Akachagua. HUJACHAGUA CHUJIO.

Akachagua. Skrini ikafikiri, kiduara kikazunguka, halafu juu ya kichwa cha bwana harusi aliyesimama kwa tai yake pakaandikwa: JE, UNA UHAKIKA?

"Swali zuri hilo!" akasema shangazi pale mlangoni, na sauti yake haihitaji kipaza.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Nami nilicheka, nakiri. Kisha nikamwangalia wifi yangu. Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa amelikunja gauni lake ngumini, kazi yake ya miezi, analikunja tu bila kujua, na macho yako kwa baba yake. Nikaacha kucheka.

Profesa akaacha nafasi yake akatimua mbio hadi kwenye kompyuta. "Baba, ni rahisi, nimeviweka tu..."

"Nitolee sauti!" mzee akafoka. "Mwanangu yuko mlangoni!"

"Sasa hivi, sasa hivi." Akabofya hapa, akabofya pale. Tukamwona, ukumbi mzima, ukutani, akifungua ukurasa baada ya ukurasa wa kitu alichokitengeneza mwenyewe. Kisha kipaza sauti cha mezani, ambacho hakuna aliyekumbuka kukizima, kikatuletea mnong'ono wake: "Hiki nilikihamishia wapi?"

Akabonyeza kwa nguvu. Skrini ikawa nyekundu. HATUA HAIRUHUSIWI. Ting!

Nilishtuka kama nimeitwa jina. Ile chupa yangu!

Akabonyeza kingine. Ting! Akajaribu kurudi nyuma. Ting! Kinanda kizima kilikuwa kimegoma, kila unapogusa kinakukanya kwa sauti hiyo moja. "Bwana harusi," mzee akasema, "kaa kando kabla sijaua mtu ndani ya suti aliyoishona mwanangu."

Akamsukuma. Akakipiga kitufe kwa hasira. Ting! Akakipiga tena. Ting! Ting!

Lakini mtu aliyepiga muziki maisha yake yote hawezi hata kukasirika nje ya mdundo. Ting, ti-ting. Ting, ti-ting. Mzee mwenyewe alisita, akatazama kidole chake. Akarudia, safari hii taratibu. Alipobonyeza, kikaitika. Alipobonyeza, kikaitika!

Besi akainua kichwa. Gitaa likaingia chini yake, dum, dum-dum. Wanamuziki wakashika mapigo kwa makofi. Na Mzee Vidole, ambaye hajawahi kuimba mbele ya watu kwa sababu sauti yake ni bawaba isiyotiwa mafuta, akafungua mdomo akauimba wimbo wa binti yake, ule usio na maneno.

Wifi yangu akaliachia gauni. Akacheka, akalia, vyote kwa pamoja, akaingia. Alikuja anakanyaga juu ya ting, ti-ting, kana kwamba wimbo ulitungwa hivyo tangu alipozaliwa. Alipofika mbele alipita kwa baba yake kwanza, akambusu juu ya masharubu. Profesa alisubiri kidogo.

Wakaoana. Bi harusi alipoulizwa kama anakubali, alitupia jicho ukutani kwanza, ukumbi ukacheka upya, kisha akasema ndiyo.

Kwenye chakula, bwana harusi alikaa ameinamia sahani, anangoja hukumu. Mzee akaja, akasimama mbele yake. "Mashine ilininyamazia?"

"Mwanzoni, ndiyo..."

"Mwishoni?"

"Mwishoni haikunyamaza."

"Basi niite baba. Ila ukimfungia tena Bibi wangu stoo, nitakuonyesha kimantiki."

Kabla hajashusha pumzi, wapiga vinanda wakamzunguka. Wote! Wale wa juisi, mwalimu wa kwaya, hata Besi na gitaa lake. Nilimwona Profesa akinyanyuka taratibu, akiiweka tai sawa, kifua kikimjaa. Siku yake imefika!

"Ndugu zangu," akaanza, "msingi wake ni mawimbi manne ambayo..."

"Ile ting," Besi akamkatiza. "Iko wapi?"

"Ting?"

"Ile! Unabonyeza, inaitika. Tamu, kali, inakata kelele za ukumbi wote."

"Ile ni sauti ya kosa!"

"Hiyo hiyo. Tunaitaka."

"Lakini zipo milioni nyingine!"

Wakatazamana. "Hizo kaa nazo," akasema mwalimu wa kwaya kwa upole.

Siku hizi ukienda harusi yoyote mjini hapa utaisikia. Programu imekuwa na kitufe kimoja, kikubwa kama sahani: ukikibonyeza, ting. Mzee Vidole ameiweka kando ya Bibi, anawapiga wote wawili pamoja, anasema wanaelewana. Na watu wote wanajua ilitoka kwenye chupa gani. Wanamuziki wakifika hapa mtaani hawamuulizi Profesa. Wanauliza, "Dada yupo?"

Jana alikuja saluni. Alikaa kwenye benchi na kinasa sauti chake, akasubiri zamu nyuma ya wateja, maana nilimwambia hapa hatuna njia ya mkato. Zamu yake ilipofika akajikohoza.

"Dada, wanaomba sauti ya pili. Basi... kifuniko cha ile sufuria yako ya kuchemshia maji, unaweza kunigongea?"

Nikainua kifuniko mkono mmoja, kitana cha chuma mkono wa pili. Nikamtazama usoni mpaka wateja wote wakageuka.

"Je," nikamuuliza, "una uhakika?"